Gerty Cori: Mwanamke aliyeonyesha kwa nini huwezi kusoma kipimo cha laktati bila kuliangalia ini

Mgonjwa wa sepsisi akifikishwa wodi ya wagonjwa mahututi, moja ya namba ambazo daktari anazisubiri kwa hamu ni ya laktati kwenye damu. Ikiwa juu, hali ni ya hatari. Ikishuka baada ya saa chache za matibabu, watu wanapumua kidogo.

Ila namba hiyo inaweza kukupoteza kama hujui ini la mgonjwa liko vipi. Waliotuonyesha njia hiyo ni Gerty Cori na mumewe Carl. Kama ulisoma baiolojia, huenda unalikumbuka jina lao kwenye mzunguko wa Cori, ule wa kukariri kwa ajili ya mtihani.

Binti wa meneja wa viwanda vya sukari

Gerty Theresa Radnitz alizaliwa Agosti 15, 1896 mjini Prague, enzi za himaya ya Austria na Hungaria, katika familia ya Kiyahudi. Baba yake, Otto, alikuwa mkemia na meneja wa viwanda vya kusafisha sukari. Yaani habari za sukari alizikuta nyumbani.

Mjomba wake, daktari wa watoto, alimtia moyo asomee udaktari. Tatizo ni kwamba shule za wasichana za wakati ule hazikumwandaa mtu kwenda huko. Kilatini, fizikia, kemia na hesabu vyote vilikuwa vinapungua. Gerty akajifungia na vitabu, akasoma kwa takriban mwaka mmoja masomo ya miaka mingi, akafaulu mtihani na kuingia chuo kikuu mwaka 1914.

Huko ndiko alikokutana na Carl Cori. Walipenda maabara, walipenda kupanda milima. Mwaka 1920 wakahitimu, wakaoana.

Maisha ya Vienna baada ya vita yalikuwa ya dhiki. Gerty alifanya kazi hospitali ya watoto, chakula kikiwa duni kiasi kwamba aliugua macho kwa kukosa vitamini A. Chuki dhidi ya Wayahudi nayo ilikuwa inapanda. Mwaka 1922 wakahamia Buffalo, jimbo la New York, Marekani. Carl alitangulia, Gerty akafuata.

Safari ya laktati

Walipopata kazi palikuwa taasisi ya utafiti wa saratani, na mkurugenzi alitishia kumfukuza Gerty asipoacha kufanya utafiti na mumewe. Hawakuacha. Walipima panya, wakawapa adrenalini, wakafuatilia sukari inakwenda wapi. Mwaka 1929 wakaeleza walichokiona.

Misuli ikihitaji nguvu haraka, huvunja sukari na kutoa laktati. Laktati huingia kwenye damu, husafiri hadi kwenye ini, na ini huigeuza kuwa sukari tena. Sukari hiyo hurudi kwenye misuli. Na si kazi ya bure: kwa kila molekuli moja ya sukari, misuli huvuna sarafu 2 za nishati kwa njia hii, wakati ini hutumia 6 kuitengeneza upya.

Sasa rudi wodini. Sepsisi ni pale mwili unapopambana na maambukizi hadi unaanza kuviumiza viungo vyake wenyewe. Presha ikishuka, tishu hukosa oksijeni na laktati hupanda. Lakini pia adrenalini huwa juu sana, na huisukuma misuli kuvunja sukari kwa kasi hata pale oksijeni ipo. Ni adrenalini ileile ambayo akina Cori waliwapa panya wao.

Kwa mtu mwenye afya, laktati huwa chini ya takriban milimoli 2 kwa lita. Ini ndilo linaloondoa sehemu kubwa zaidi, zaidi ya nusu, na figo hufuata. Kwa hiyo namba unayoiona kwenye karatasi ya maabara ni tofauti kati ya kinachozalishwa na kinachoondolewa.

Hapo ndipo mgonjwa mwenye ini lenye makovu anapoleta utata. Akiwa ametulia, laktati yake inaweza kuwa karibu na kawaida. Akipata sepsisi, ini linazidiwa, na laktati inashuka polepole hata kama dawa za kuua bakteria zinafanya kazi na presha imerudi. Na si lazima uwe na ugonjwa wa ini wa zamani. Sepsisi yenyewe inaweza kupunguza damu inayofika kwenye ini na kuliumiza.

Makosa yanaweza kwenda pande mbili. Daktari anayeifukuzia namba tu anaweza kuendelea kuongeza dripu hadi maji yajae kwenye mapafu. Anayesema hilo ni ini tu, tuachane nalo, anaweza kumpoteza mgonjwa anayezidiwa kweli, maana laktati ya juu huambatana na hatari kubwa ya kifo hata kwa wenye ugonjwa wa ini. Ndiyo maana wanaangalia pia mkojo, presha, fahamu, na kitu rahisi kabisa: unabonyeza ncha ya kidole cha mgonjwa, unaachia, unahesabu sekunde hadi rangi irudi.

Mshahara mdogo, kazi ileile

Mwaka 1931 wakahamia Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis. Carl akawa mkuu wa idara. Gerty akapewa cheo cha mtafiti msaidizi, kwa mshahara unaotajwa kuwa moja ya kumi ya ule wa mumewe. Kabla ya hapo chuo kingine kilishamwambia kwamba anamzuia mumewe kupanda. Hebu fikiria. Uprofesa kamili alikuja kuupata mwaka 1947, mwaka uleule ambao yeye na Carl walishinda Tuzo ya Nobel ya tiba, wakigawana na Bernardo Houssay wa Argentina. Gerty alikuwa mwanamke wa kwanza kuipata tuzo hiyo ya tiba.

Mwaka huohuo aligundulika kuwa na ugonjwa wa uboho usio na tiba. Aliishi kwa kuongezewa damu, na ofisini kwake kukawekwa kitanda kidogo cha kupumzikia.

Akiwa katika hali hiyo akarudi kwenye ini. Kulikuwa na watoto wanaozaliwa na ini linalovimba kwa sukari iliyohifadhiwa isiyoweza kutoka, sukari ya damu ikishuka na laktati ikipanda. Mwaka 1952, yeye na Carl walionyesha kwamba katika aina moja ya ugonjwa huo, ini linakosa kimeng'enya cha kuiachia sukari iingie kwenye damu. Ilikuwa mara ya kwanza ugonjwa wa kurithi kuhusishwa na kimeng'enya kinachokosekana kwenye ini.

Gerty Cori alifariki dunia St. Louis Oktoba 26, 1957, akiwa na miaka 61. Aliacha mume na mtoto mmoja wa kiume, Tom.