Glover Morrill Allen

Glover Morrill Allen (8 Februari 1879 – 14 Februari 1942) alikuwa mtaalamu wa zoolojia kutoka nchi ya Marekani. Anajulikana hasa kwa utafiti wake kuhusu popo na kuhusu rangi za manyoya.

Maisha

Alizaliwa Walpole, New Hampshire. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Harvard, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1904. Baadaye alitunza mkusanyo wa mamalia katika makumbusho ya chuo hicho. Miaka 1926–1927 alishiriki safari ya utafiti nchini Liberia na Kongo ya Kibelgiji.

Utafiti

Mwaka 1903, yeye na William Ernest Castle walionyesha kwamba ualbino wa wanyama hurithiwa kwa kufuata kanuni za Gregor Mendel: wazazi wenye rangi ya kawaida huweza kuzaa albino ikiwa wote wawili wamebeba sifa hiyo bila kuionyesha. Mwaka 1914 alieleza asili ya mabaka meupe: rangi huenea kutoka sehemu maalumu za ngozi, na isipofika, manyoya hubaki meupe. Kwa hiyo popo mwenye mabaka meupe na macho meusi si albino.

Mwaka 1939 alitoa kitabu kuhusu maisha ya popo, pamoja na orodha ya mamalia wa Afrika.