Sayyid Barghash na Maji Matamu ya Unguja



Tunapowakumbuka waliotutangulia, mara nyingi tunawasoma maulamaa na mashujaa wa vita. Safari hii namleta mtawala, Sayyid Barghash bin Said wa Zanzibar, kwa ajili ya jambo moja: maji. Mimi natoka Olumbi, pwani ya wilaya ya Palma, kaskazini mwa Cabo Delgado. Kwetu kisima kipya huulizwa kwanza kama maji yake ni matamu au ya chumvi, ndipo kikaulizwa kina chake. Kwa hiyo habari ya mtawala aliyeupa maji mji wa pwani naisoma kama habari ya nyumbani.

Barghash alikuwa mtoto wa Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala Oman na pwani yetu kwa pamoja. Baba alipofariki mwaka 1856, Zanzibar ilishikwa na ndugu yake, Majid. Barghash hakuridhika. Mwaka 1859 aliasi, akiungwa mkono na watu wa ukoo wa Harthi na hata baadhi ya dada zake. Waingereza walimsaidia Majid, Barghash akashindwa, akapelekwa uhamishoni Bombay kwa muda wa miaka miwili. Akiwa huko, mwaka 1860, mji ule ulianza kuletewa maji ya bomba kutoka ziwa la Vihar.

Majid alifariki Oktoba 1870, Barghash akakalia kiti. Mji alioupokea ulikuwa umetoka tu kwenye kipindupindu kilichoua maelfu ya watu. Wakazi walikunywa maji ya mvua na ya visima vilivyochimbwa katikati ya majumba.

Hapa naomba tusimame kidogo, ndugu msomaji, tuitazame ardhi yenyewe. Mji Mkongwe umekaa kwenye ulimi wa nchi uliokaribia kuzungukwa na bahari, juu ya mchanga na mawe ya matumbawe. Jiwe la namna hii lina vitundu vingi. Mvua ikinyesha, maji hupenya kwenye vitundu hivyo yakiisukuma hewa iliyomo. Chini zaidi hukutana na maji ya bahari yaliyoingia kutoka pembeni. Basi ndani ya jiwe hilo hilo kuna hewa, maji matamu na maji ya chumvi, na kila kimoja kina nafasi yake.

Maji matamu hukaa juu kwa sababu ni mepesi. Lita elfu moja zake zina uzito wa kilo 1,000, na za bahari kilo 1,025 hivi. Tofauti ni ndogo, lakini ndiyo inayotunywesha. Mholanzi Badon Ghijben, aliyeandika karibu na wakati alipofariki Barghash, na Mjerumani Herzberg mwaka 1901, kila mmoja kwa upande wake alipiga hesabu ya jambo hili: kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna mita kama 40 chini ya usawa huo. Hesabu hiyo ina upande wake wa kutisha. Ukivuta maji mpaka usawa wake ukashuka kwa sentimita 10 tu, na ukaendelea hivyo, chumvi inaweza kupanda mita 4. Kisima huharibika kutoka chini, mahali ambapo jicho halifiki.

Barghash hakuwa na hesabu hii, lakini alifanya lililokuwa sawa. Hakuzidisha visima chini ya mji. Aliyafuata maji pale yanapotoka yenyewe, kwenye chemchemi zilizo kaskazini mwa mji, upande wa Bububu, akayaleta mjini kwa mifereji na mabomba. Watu wengi humkumbuka kwa Beit al-Ajaib, aliyoijenga mwaka 1883. Wengine humkumbuka kwa matbaa yake iliyochapa vitabu vya dini. Mimi naona kazi ya maji ndiyo kubwa kuliko zote, kwa sababu iliingia katika kila chungu na kila udhu.

Tusimfanye malaika. Utajiri wa Zanzibar ulitoka kwenye karafuu, na karafuu zilichumwa na watumwa. Soko la watumwa alilifunga kwa mkataba wa Juni 1873, tena baada ya kubanwa sana na Waingereza. Katika miaka yake ya mwisho naye alinyang'anywa. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walimpimia ukanda wa maili kumi kutoka baharini, kuanzia ghuba ya Tungi hadi Kipini. Tungi ni ghuba ambayo kando yake umekaa mji wa Palma. Februari 1887 Wareno waliipiga kwa mizinga na kuichukua. Barghash alifariki Machi 1888. Mpaka umebaki; wa Unguja wakasoma Kiingereza, sisi Kireno.

Kwa nini nayasema haya kwetu wanafunzi? Kwa sababu kila Ramadhani tunachangia visima. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza Saad bin Ubada kwenye sadaka ya maji kwa ajili ya mama yake, na habari ya kisima cha Ruma na Sayyidna Uthman tunaijua sote. Huko kwetu, tangu vita vilipoanza mwaka 2017, na Palma ilipovamiwa Machi 2021, watu wamekimbia na kurudi, na anayerudi hutafuta maji kabla ya paa. Haja ni ya kweli. Lakini kisima kirefu chenye pampu kubwa, karibu na bahari, kinaweza kuwa sadaka ya mwaka mmoja na chumvi ya miaka mingi, tena kikaviharibu na visima vya majirani.

Wanazuoni wetu wa fiqhi waliliona hili zamani. Kisima kina harimu yake, eneo ambalo mwingine hachimbi kwa kumdhuru mwenye kisima. Wengine walitaja dhiraa arobaini. Msingi wake ni kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana. Na Suratul Muuminun, aya ya 18, inatukumbusha kuwa maji yameteremshwa kwa kiasi, kisha yakatuzwa ardhini. Kwa hiyo kabla ya kutoa fedha tuulize: kisima kiko umbali gani na bahari? Kina gani? Kitavutwa kwa kasi gani? Nani atayapima maji kila msimu? Na pengine paa la msikiti na tangi la mvua litatosha zaidi. Wenzetu wa jiolojia na uhandisi wawemo kwenye kamati ya sadaka, si sisi wa dini peke yetu.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sayyid Barghash, amsamehe makosa yake, amlipe kwa kila aliyekunywa. Atujaalie sadaka zetu zibaki tamu. Amin.