Jesse Brown, Rubani wa Jeshi la Majini Aliyebaki Katika Theluji ya Korea

Jesse LeRoy Brown, Mmarekani mweusi wa kwanza kuhitimu mafunzo ya msingi ya urubani katika Jeshi la Majini la Marekani, alifariki dunia tarehe 4 Desemba, 1950 katika milima ya Korea Kaskazini akiwa na umri wa miaka 24. Alikuwa ameyatumikia mabawa yake ya urubani kwa muda wa miaka miwili na wiki chache tu.

Alizaliwa tarehe 13 Oktoba, 1926 mjini Hattiesburg, katika jimbo la Mississippi, akiwa mmoja wa watoto sita wa John na Julia Brown. Mama yake alikuwa mwalimu. Baba yake alifanya kazi katika ghala la vyakula, na kazi zilipoadimika familia ilihamia shambani Lux, ikalima ardhi ya mtu mwingine kwa kugawana mavuno na mwenye shamba. Nyumba waliyoishi haikuwa na umeme wala maji ya bomba. Akiwa na miaka sita, baba yake alimpeleka kutazama maonesho ya ndege, na tangu siku hiyo mtoto huyo hakutaka kazi nyingine.

Kwa mtoto mweusi wa Mississippi ya wakati huo, tamaa hiyo ilikuwa karibu na kichekesho. Sheria na desturi za jimbo zilitenganisha shule, mabasi na hata mabomba ya maji ya kunywa kwa rangi ya ngozi, na jeshi la anga la nchi kavu halikuwapokea marubani weusi. Jesse aliyasoma hayo katika magazeti na majarida ya urubani. Mwaka 1937, akiwa bado mwanafunzi, alimwandikia barua Rais Franklin Roosevelt kulalamikia ubaguzi huo. Ikulu ya Marekani ilimjibu kwa kumshukuru kwa maoni yake. Majibu ya aina hiyo hayafungui mlango wowote, lakini ni dhahiri kwamba kijana hakukata tamaa.

Mwaka 1944 alimaliza masomo katika shule ya sekondari ya Eureka, akiwa wa pili katika darasa lake. Walimu walimshauri aende katika chuo cha watu weusi, mahali ambapo angesoma kwa utulivu. Yeye alichagua Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, kilichojaa wanafunzi weupe, kwa sababu ndiko alikosoma mwanariadha Jesse Owens aliyemhusudu tangu utotoni. Mchana alisoma uhandisi wa majengo. Usiku alipakia mizigo katika mabehewa ya reli ili kulipia ada. Aliomba zaidi ya mara moja kuingia katika mafunzo ya urubani ya chuo hicho, akakataliwa.

Nafasi ilikuja kupitia jeshi la majini, lililokuwa likitafuta vijana wa vyuo vikuu wa kufunzwa urubani. Brown alifaulu mitihani na kujiunga mwaka 1946. Mafunzo yalimpeleka Glenview katika jimbo la Illinois, kisha Ottumwa huko Iowa, na hatimaye Pensacola, Florida. Kule Glenview alibahatika kupata mkufunzi mweupe aliyemtendea haki. Pensacola ilikuwa Kusini, na matusi ya Kusini aliyafahamu tangu kuzaliwa. Wapo waliotaka ashindwe, na kila kosa dogo lingetosha kuwapa hoja. Urubani wa manowari ya kubeba ndege ni mgumu hata kwa asiyekuwa na maadui: rubani hutakiwa kuishusha ndege juu ya sitaha fupi inayosogea na kuyumba, na kunasa kwa ndoano ya mkiani waya uliotandazwa sitahani, vinginevyo ndege itapita mwisho wa sitaha.

Juu ya mzigo huo alijiongezea mwingine. Kanuni zilikataza wanafunzi wa urubani kuoa, nao wakivunja walifukuzwa. Mwezi Oktoba 1947 alimwoa kwa siri Daisy Pearl Nix, mchumba wake wa Hattiesburg. Daisy alipanga chumba mjini Pensacola, na wanandoa hao walionana mwisho wa wiki kama watu wanaoiba.

Tarehe 21 Oktoba, 1948 Brown alivishwa mabawa ya rubani wa jeshi la majini. Ilikuwa ni miezi mitatu tu tangu Rais Harry Truman alipotoa amri ya kuondoa ubaguzi katika majeshi. Habari zake zilichapishwa katika magazeti ya nchi nzima. Desemba mwaka huo alizaliwa binti yake, Pamela. Mwaka 1949 Brown alipandishwa kuwa ofisa, katika cheo kinacholingana na Luteni Usu, akapangiwa Kikosi cha Ndege za Kivita namba 32 kilichokuwa Quonset Point, Rhode Island, na kurusha ndege aina ya Corsair kutoka manowari Leyte.

Vita vya Korea vilipozuka Juni 1950, Leyte iliitwa kutoka bahari ya Mediterania na kufika katika maji ya Korea mwezi Oktoba. Mwishoni mwa Novemba majeshi ya China yaliingia vitani kwa nguvu na kuwazingira askari wa Umoja wa Mataifa wapatao 30,000 kandokando ya bwawa la Chosin, katika baridi iliyogandisha damu ya majeruhi na mafuta ya bunduki. Kazi ya marubani wa Leyte ilikuwa kuwafunika askari hao kutoka angani.

Alasiri ya tarehe 4 Desemba, Corsair sita ziliruka kwa ajili hiyo. Rubani wa pembeni wa Brown alikuwa Luteni Thomas Hudner, mtu mweupe kutoka Massachusetts na mhitimu wa chuo cha maofisa wa majini. Kwa cheo Hudner alikuwa juu. Kwa uzoefu Brown ndiye aliyeongoza. Wakiwa chini chini juu ya milima, risasi kutoka ardhini ilitoboa mfumo wa mafuta wa ndege ya Brown. Kwa kuwa alikuwa chini mno kuruka kwa mwavuli, aliitua ndege kwa tumbo katika uwazi wenye theluji, kandoni mwa mlima. Ndege ilikunjika mbele ya chumba cha rubani na kuubana mguu wake. Wenzake waliokuwa wakizunguka juu walimwona akipunga mkono, na pia waliona moshi.

Hudner hakungoja amri. Alikusanya magurudumu ya ndege yake nzima, isiyo na hitilafu, akaiangusha kwa makusudi karibu na ya Brown. Kitendo hicho kingeweza kumfikisha mbele ya mahakama ya kijeshi. Alimvika Brown kofia ya sufu, akaifunga kwa skafu mikono yake iliyokuwa imeganda, kisha akaanza kurundika theluji kwenye injini kwa mikono ili kuudhibiti moto.

Helikopta iliyorushwa na Luteni Charles Ward ilifika ikiwa na shoka na mtungi wa kuzimia moto. Kwa takriban dakika 45 watu hao wawili walipiga shoka juu ya bati lisilokatika, huku wakiteleza kwenye theluji. Brown, ambaye hakulalamika wakati wote huo, alianza kupoteza fahamu. Alimwomba Hudner amfikishie Daisy salamu za upendo wake. Giza lilikuwa linaingia na helikopta haikuweza kuruka usiku. Hudner alimwahidi kwamba watarudi na vifaa, ingawa ahadi hiyo huenda haikusikika tena, wakaondoka.

Kamanda wa manowari alikataa kupeleka watu wengine katika eneo lililojaa adui. Tarehe 7 Desemba marubani wa kikosi walirudi na kuyateketeza mabaki ya ndege zote mbili kwa mabomu ya napalm, mwili wa mwenzao ukiwamo, huku Sala ya Baba Yetu ikisaliwa katika redio. Hayo ndiyo mazishi waliyoweza kumpa.

Brown alitunukiwa nishani tatu baada ya kifo chake. Tarehe 13 Aprili, 1951 Rais Truman alimvisha Hudner Nishani ya Heshima, ya juu kabisa nchini humo, mbele ya Daisy. Mwaka 1973 manowari iliyopewa jina la Jesse L. Brown iliingizwa kazini mjini Boston, mjane wake na bintiye wakiwapo, na Hudner akatoa hotuba.

Julai 2013, akiwa na miaka 88, Hudner alisafiri hadi Pyongyang kuomba ruhusa ya kutafuta mabaki ya rafiki yake. Mvua za masika zilikuwa zimeharibu njia, akaambiwa arudi hali ya hewa itakapotulia. Alifariki Novemba 2017. Jesse Brown bado yupo mlimani.