RICHARD CARRINGTON: JAMAA ALIYEANDIKA SAA YA MLIPUKO WA JUA

Juzi nikiwa kafe jamaa akaniuliza, hivi satelaiti ikizingua huko juu, fundi anaifikiaje? Nikacheka, kumbe hata mimi sijui! Kutafuta jibu nikakutana na Mwingereza, Richard Carrington.

Huyu bwana alizaliwa London mwaka 1826, baba yake akiwa na kiwanda cha bia. Akasoma Cambridge, kisha akajenga nyumba yake ya kutazamia nyota pale Redhill, kusini mwa London. Kuanzia 1853 akawa anachora madoa ya jua. Halikodolei macho, darubini ilitupa taswira yake kwenye kioo kilichopakwa rangi. Mwaka 1858 mzee akafariki, kiwanda kikamwangukia yeye. Jua hakuliacha.

Tarehe 1 Septemba 1859, saa 5:18 asubuhi, akaona mwanga mkali ajabu juu ya kundi la madoa. Akaandika saa, akakimbia kutafuta shahidi. Kurudi, hata dakika haijaisha, mwanga umeshafifia! Bahati nzuri Richard Hodgson naye aliuona akiwa kwake. Saa 17 na ushee baadaye sumaku ya dunia ikayumba, telegrafu zikavurugika Ulaya na Marekani, na baadhi ya wapigaji wakapigwa shoti. Carrington alihisi mambo hayo yanahusiana, ila hakukurupuka kutangaza.

Sasa turudi kwa yule jamaa wa kafe. Januari 1994 satelaiti mbili za Kanada, Anik E1 na E2, zilipoteza mwelekeo siku moja. Hakuna fundi aliyepanda. Wahandisi walilinganisha saa za hitilafu na vipimo vya elektroni zilizofurika angani siku zile, wakabaini umeme ulijikusanya ndani ya mitambo mpaka ukaruka. E1 ilirudi baada ya saa chache. E2 ilichukua miezi, ikawa inaongozwa kutoka ardhini.

Mnaona? Ni mchezo uleule wa 1859: saa ya jua, saa ya hitilafu, unalinganisha.

Mwaka 1861 shughuli za kiwanda zilimlemea, akaiacha Redhill. Alifariki 1875 akiwa na miaka 49 tu. Kinachoniuma ni kwamba kazi aliyoipenda ilimezwa na bia. Lakini zile dakika chache alizoziandika bado zinatufaa.

Nawauliza wadau: umeme ukikatika kwenu, nani huwa anaandika saa? Tiririkeni hapo chini.