Moshoeshoe na Siri ya Kumstahi Aliyeshindwa

Ni desturi iliyokita mizizi katika ofisi na shule zetu. Mkuu mpya huingia, na kabla kiti hakijapata joto, huanza kuwaandama waliokuwa wandani wa mtangulizi wake. Huyu huhamishwa, yule hunyimwa majukumu, na mwingine hukemewa hadharani ili wenzake wapate funzo. Atendaye hivyo huamini kwamba anajijengea heshima. Maisha ya Moshoeshoe wa Kwanza, mwasisi wa taifa la Wasotho, yanatufundisha vingine.

Moshoeshoe alizaliwa yapata mwaka wa 1786 huko Menkhoaneng, kaskazini mwa nchi iitwayo Lesotho hivi leo. Babake, Mokhachane, alikuwa mkuu wa ukoo mdogo tu. Hapakuwa na dola ya kurithi. Katika miaka ya 1820, vita na njaa vilizisambaratisha jamii nyingi za kusini mwa Afrika. Mnamo 1824 Moshoeshoe aliwahamisha watu wake kutoka Butha-Buthe hadi Thaba Bosiu, mlima wenye kilele bapa, chemchemi na malisho, ambao adui hangeweza kuukwea kwa wepesi.

Safarini ndipo alipotiwa kwenye mizani. Babu yake, Peete, alikamatwa na kuliwa na watu ambao njaa ilikuwa imewageuza wala watu. Walipotiwa mbaroni baadaye, wengi walitaka wauawe. Masimulizi ya Wasotho yanaeleza kwamba Moshoeshoe alikataa katakata: matumbo ya watu hao yalikuwa kaburi la babu yake, na kaburi halivunjwi. Akawafanyia tambiko la kutakasa kaburi, akawapa ng'ombe na mahali pa kuishi. Tusidhani huo ulikuwa upole mtupu. Alitambua kwamba chanzo cha uovu ule kilikuwa njaa, naye akaikabili njaa yenyewe.

Wakimbizi walipozidi kumiminika, aliwakopesha ng'ombe kwa utaratibu wa mafisa. Mkopeshwaji aliwatunza na kunywa maziwa yao, ilhali mifugo ilibaki mali ya mwenyewe. Hivyo mgeni alipata riziki, na pia sababu ya kuwa mwaminifu. Mambo mazito yalijadiliwa katika pitso, baraza la hadhara ambamo raia aliweza kumkosoa mkuu wake bila hofu.

Hata maadui wa nje aliwastahi. Mwaka wa 1831 jeshi la Mzilikazi lilipotimuliwa Thaba Bosiu, inasimuliwa kwamba aliwapelekea ng'ombe wa kula njiani. Mnamo Desemba 1852 Jenerali Cathcart wa Uingereza alipambana na upinzani mkali asioutarajia. Badala ya kujigamba, Moshoeshoe alimwandikia barua ya kuomba amani, akimsihi atosheke na ng'ombe aliokwisha kuwateka. Jenerali akapata njia ya kuondoka bila kufedheheka, na Wasotho wakabaki na mlima wao.

Hakuwa malaika. Uzeeni alishindwa kuwapatanisha wanawe, na mnamo 1866, vita dhidi ya Makaburu wa Orange Free State vilipopamba moto, mwanawe Molapo alifanya mkataba wake peke yake na adui. Sehemu kubwa ya ardhi yenye rutuba ilipotea, na mwaka wa 1868 nchi ikaingia chini ya ulinzi wa Uingereza, ulinzi aliouomba mwenyewe. Aliyewaunganisha wageni hakufaulu kuwaunganisha watoto wake. Hilo nalo ni funzo kwa kila kiongozi asiyeandaa mapema atakayempokea kijiti.

Alifariki tarehe 11 Machi 1870. Hata hivyo, taifa alilolikusanya kutokana na mabaki ya jamii zilizovunjika halikusambaratika. Lilijipatia uhuru mnamo 1966, na hadi leo siku ya kifo chake huadhimishwa nchini humo.

Mwalimu mkuu anayekuta walimu waliogawanyika, au meneja anayerithi wafanyakazi waliompinga, ana njia mbili. Anaweza kuwaadhibu ili waogope, au kuwapa kazi ya maana itakayowafanya waone kwamba kuanguka kwa taasisi ni kuanguka kwao pia. Njia ya kwanza ni rahisi, na matunda yake huonekana upesi. Lakini mwoga hutii mkuu akiwapo tu. Aliyestahiwa hulinda mlima hata usiku, mkuu akiwa amelala.