Maria Sibylla Merian na Viwavi Wake

Watoto, nani kati yenu hajapata kukimbiza kipepeo? Lakini kipepeo hutoka wapi? Mama zetu wanaookota viwavi wa kuliwa porini wanajua sana ya kuwa kila namna ya kiwavi ina mti wake. Lakini zamani huko Ulaya watu wengi, hata wenye elimu, walidhani ya kuwa wadudu huzaliwa na matope na vitu vilivyooza. Sikilizeni sasa habari za mwanamke mmoja aliyetaka kuona kwa macho yake mwenyewe.

Maria Sibylla Merian alizaliwa katika mji wa Frankfurt, nchi ya Ujerumani, mwaka 1647. Baba yake alikuwa mchapaji wa picha na vitabu. Alikufa Maria akiwa na miaka 3 tu. Mama yake akaolewa na Jacob Marrel, fundi wa kuchora maua. Huyo baba wa kambo ndiye aliyemfundisha Maria kuchora na kutia rangi.

Alipokuwa na miaka 13, Maria alianza kufuga viwavi wa hariri. Akawalisha majani ya mforsadi, akawaangalia kila siku. Aliona yai likitoa kiwavi mdogo, kiwavi akila, akikua na kujivua ngozi, kisha akijifungia katika kifuko cha nyuzi kama maiti katika sanda. Baadaye kifuko kikapasuka, akatoka mdudu mwenye mabawa. Maria alistaajabu sana. Akataka kujua kama viwavi wengine nao hugeuka namna ile.

Mwaka 1665 aliolewa na mchoraji Johann Andreas Graff, wakahamia mji wa Nuremberg. Wakapata watoto wawili, Johanna na Dorothea. Maria alilea watoto, alitunza nyumba, alifundisha wasichana kuchora na kutarizi. Lakini hakuacha viwavi wake. Aliwaokota katika bustani, akawaweka katika visanduku, akawatafutia majani mabichi kila siku.

Kazi hiyo si rahisi. Kiwavi ni mchaguzi wa chakula. Ukimnyima jani alilolizoea, mara nyingi hali jingine, hufa na njaa. Kipepeo mkubwa hunywa utamu wa maua mengi, lakini mtoto wake hula majani ya mmea wake. Basi atakaye vipepeo katika bustani yake asipande maua tu, apande na majani ya viwavi, wala asikasirike majani yale yakitobolewa.

Mara nyingi viwavi wa Maria walikufa, akaanza tena. Mara nyingine, badala ya kipepeo, katika kifuko walitoka wadudu wadogo kama inzi. Leo tunajua ya kuwa wako wadudu wanaotaga mayai ndani ya mwili wa kiwavi, na watoto wao humla. Maria hakulificha jambo hilo, ijapokuwa halipendezi. Aliandika alichokiona.

Mwaka 1679 alitoa kitabu chake cha viwavi. Katika ukurasa mmoja alichora kiwavi, kifuko, kipepeo, na mmea wanaokula. Tena alikiandika kwa Kijerumani, si kwa Kilatini, ili watu wasio wataalamu nao wasome.

Baadaye ndoa yake ilivunjika. Mwaka 1691 alihamia Amsterdam, katika Uholanzi, pamoja na binti zake. Huko aliona vipepeo wakubwa walioletwa kutoka nchi za mbali. Walikuwa wamekufa, wamekaushwa. Hakuna aliyeweza kumwambia walikula nini wala walikuwa viwavi wa namna gani. Basi akauza picha zake apate nauli. Mwaka 1699, akiwa na miaka 52, alipanda merikebu pamoja na Dorothea, wakavuka bahari kubwa mpaka Surinam, katika Amerika ya Kusini.

Surinam ilikuwa mikononi mwa Waholanzi. Wenye mashamba walifikiri sukari tu, wakamcheka mama huyu anayetafuta wadudu. Kazi ya mashamba ilifanywa na watumwa walioletwa kwa nguvu kutoka Afrika, nao waliteswa vibaya. Watumwa walimkatia Maria njia msituni kwa mashoka. Watumwa na wenyeji wa nchi walimwonyesha mimea na kumweleza kazi yake. Yeye aliyaandika maarifa yao, hata mateso yao akayataja, lakini majina yao hakuyaandika. Tukisifu kitabu chake, tusiwasahau wale.

Joto na homa vilimshinda. Mwaka 1701 alirudi Uholanzi akiwa mgonjwa. Hakukata tamaa. Mwaka 1705 alitoa kitabu kikubwa chenye picha 60 za wadudu na mimea ya Surinam. Wataalamu wa Ulaya walikisoma na kujifunza mengi.

Mwaka 1715 alipooza. Akafa Amsterdam tarehe 13 Januari 1717. Mwaka ule ule Dorothea alitoa sehemu ya tatu ya kitabu cha viwavi, kazi ya mama isipotee.

Maria hakupata shule kubwa. Alikuwa na macho, subira, na kisanduku cha majani. Katika kiwavi, ambaye wengine humkanyaga, yeye aliona kazi ya Muumba. Nawe, ukikuta kiwavi juu ya jani, usimwue upesi. Tazama kwanza anakula nini.

MAULIZO
1. Watu wa Ulaya ya zamani walidhani wadudu hutoka wapi?
2. Kwa nini maua peke yake hayatoshi kwa kufuga vipepeo?
3. Ni nani waliomsaidia Maria katika msitu wa Surinam?
4. Tafuta kiwavi mmoja. Andika jina la mmea anaoula.