Ziryab na udi wake mwenyewe

Jirani yangu hapa Mombasa, kijana mpigaji gitaa la besi katika kikundi cha taarabu, alichekwa na wenziwe. Magitaa yamejaa tele madukani, naye yu tayari kumpa fundi akiba yake yote amchongee lake, kwa kipimo cha mkono wake. Alinijia kutaka shauri. Nami nikampa kisa cha Ziryab.

Jina lake hasa ni Abul-Hassan Ali bin Nafii. Ziryab ni lakabu, jina la ndege mweusi mwenye sauti tamu, kwani naye alikuwa mweusi wa rangi na mzuri wa sauti. Mwanahistoria al-Maqqari, aliyefariki mwaka 1632, asimulia kwamba alisomea muziki Baghdad kwa Is-haq al-Mawsili, bingwa wa zama hizo. Siku moja mwalimu akamfikisha mbele ya Khalifa Harun al-Rashid. Akapewa udi wa mwalimu wake aupige. Ziryab akakataa kwa adabu, akaomba aletewe wake aliouunda mwenyewe.

Khalifa akautazama, asione tofauti. Ziryab akaeleza kuwa mbao na ukubwa ni sawasawa, lakini wake ni mwepesi zaidi. Nyuzi zake nyembamba ni za hariri. Zile nene, zitoazo sauti nzito, ni za utumbo wa mtoto wa simba, kwa kuwa hulia wazi na hustahimili kupigwa. Kisha akapiga, na Khalifa akafurahi mno.

Furaha ile ilimponza. Mwalimu aliingiwa na wivu, akamtaka ahame au wawe maadui. Ziryab akachukua ahali yake akaelekea magharibi. Alipita Kairouan, na mwaka 822 akafika Andalusi, ndiyo Hispania ya leo. Amiri Abdul-Rahman wa Pili alimpokea Cordoba kwa heshima, akamkatia mshahara wa dinari 200 kwa mwezi. Huko aliongeza uzi wa tano katika udi, akaacha kijiti cha kupigia akatumia unyoya wa tai, na akafungua chuo cha muziki. Alifariki huko mwaka 857.

Udi wa mwalimu ungemwachia raha ya Baghdad. Lakini angekuwa kivuli cha mwalimu maisha yake yote.

Kijana alinisikiliza kimya, akaniaga, akaenda zake kwa fundi kupimwa vidole.